Mstaarabu wa Ukutani

"Mchana anabaki nani humu ndani?" fundi aliuliza, kidole kikisubiri juu ya kioo cha ile mashine mpya.

"Hamna mtu," akajibu Injinia. "Ni mama na mke wangu tu."

Fundi akabonyeza sifuri.

Mke mwenyewe alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ameshika sinia la chai aliyomwandalia fundi. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini. Hakuna aliyeshtuka. Ukiambiwa nyumba haina mtu huku umeshika sinia, utafanya nini? Yule mke, Mama Pacha, aliuliza, "Fundi, sukari vijiko vingapi?"

Mashine yenyewe ilikuwa themostati, kidude cheupe kisichozidi sahani ya kikombe, kilichobandikwa ukutani sebuleni. Kazi yake ilikuwa kuyaamuru yale mabomba ya joto yaliyopita kila chumba: yapate moto saa hii, yapoe saa ile. Baridi ya msimu ule ilikuwa ya kukata mifupa, bili ya umeme nayo haikuwa na huruma, na bosi wake Injinia alikuwa na mashine kama hiyo kwake. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa sababu. Zile mbili za kwanza zilikuwa wasindikizaji.

Na tusidanganyane, Injinia hakuwa injinia. Alikuwa mkuu wa stoo kwenye kiwanda cha rangi. Jina alilipata siku printa ya ofisi ilipogoma, akaizaba kibao, ikaanza kuchapa. Wenzake walimwita hivyo kwa utani, yeye akalipokea kwa mikono miwili, na kuanzia siku hiyo hakuna chombo chenye waya alichokubali kuelekezwa na mtu.

"Sasa tuweke ratiba," fundi akasema. "Kuna vitufe vinne. Kuamka, kuondoka, kurudi, kulala. Kila kimoja unakipa saa yake. Ila angalia, mashine hii..."

"Hilo niachie mimi," Injinia akamkata kauli. "Saa najua kusoma."

Fundi akanywa chai yake na kuondoka. Bibi, yaani yule mama wa dirishani, ambaye nyumba nzima ilimwita hivyo kwa ajili ya wajukuu wake pacha, alikikodolea macho kile kidude.

"Kinaitwaje hiki?"

"Themostati, mama."

"Mstaarabu?"

"The-mo-sta-ti."

"Nimesikia," akasema Bibi. "Mstaarabu. Haya, karibu nyumbani, Mstaarabu. Usije ukatutenda."

Jioni ile Injinia alivuta kiti akakaa mbele ya ukuta na kuweka ratiba kwa sauti, ili familia ijifunze. "Tunaamka saa kumi na mbili," akabonyeza kumi na mbili. "Tunaondoka saa mbili," akabonyeza mbili. "Tunarudi saa kumi na moja," akabonyeza kumi na moja. "Tunalala saa nne," akabonyeza nne. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye suruali, kama mtu aliyetoka uvunguni mwa lori.

"Hao tunaoondoka ni akina nani?" Mama Pacha akauliza.

"Mimi na watoto. Nani mwingine?"

"Nilikuwa nauliza tu."

*

Asubuhi yake nyumba ilikuwa jokofu. Pacha walivaa sare wakiwa ndani ya blanketi, meno yakigongana. Injinia alinyoa ndevu akitetemeka, akajikata kidevu mara mbili.

"Baba, mbona joto halijaja?"

"Mashine inatusoma tabia," akasema Injinia. "Mashine za kisasa haziwaki ovyo ovyo. Kwanza inajifunza."

Akatoka na karatasi mbili za chooni kidevuni.

Mama Pacha alibaki na cherehani yake, na Bibi na dirisha lake. Hawa wawili, mavyaa na mkazamwana, walikuwa wakiishi pamoja kwa adabu, yaani walikuwa hawapendani ila walikuwa hawajaambiana. Bibi aliona vitunguu vinakatwa vinene. Mama Pacha aliona pazia linafungwa akilifungua. Methali inasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kuhusu majike imenyamaza, nadhani kwa kuogopa.

Saa tano ilipogonga, mabomba yakaanza kulia ukutani, tik, tik, tik. Joto likaingia sebuleni taratibu, likapanda miguuni. Mama Pacha akaacha kushona. Akaenda kuitazama mashine. Kioo kiliandika 11:00, na chini yake: WANAFAMILIA WAMERUDI. KARIBUNI.

Akasoma, akasoma tena, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Una nini wewe?" Bibi akauliza.

"Mwanao, mama! Amemwekea saa za Kiswahili. Mstaarabu anasoma saa za Kizungu. Sisi tukisema saa kumi na moja jioni, yeye huyu anajua ni saa tano asubuhi. Sasa amewasha. Anadhani wametoka kazini."

Bibi alifikiri kidogo. "Na atazima lini?"

"Aliambiwa wataondoka saa mbili. Kwake yeye hiyo ni saa nane ya usiku."

"Kwa hiyo mchana kutwa tunalo?"

"Mchana kutwa."

Bibi akatoa miguu kwenye blanketi. Akaitazama, kama watoto waliotoka shule ya bweni.

"Usimwambie," akasema.

"Simwambii."

Na hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu ndoa ifungwe.

*

Siku zilizofuata, Bibi aliacha dirisha akasogeza kiti karibu na cherehani. Mama Pacha alikuwa akishona mashati ya sare kwa shule tatu za mtaani. Kazi hiyo mumewe aliita "kujishughulisha", kwa sauti ile ile ambayo watu husema mtoto anacheza vizuri. Vidole vya Bibi vilipopata joto vilikumbuka ujana wao. Akaomba mkebe wa vifungo.

"Mama, utachoka."

"Niletee mkebe, mwanangu. Mimi nilishonea watu vifungo kabla huyo mumeo hajaota meno."

Basi mmoja akashona, mwingine akatia vifungo, na maneno yakatoka. Bibi alisimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma mpaka jirani akahama. Mama Pacha akamwambia kwamba mwana amerithi. Vitunguu vikaanza kukatwa vyembamba bila mtu kusema, na pazia likabaki nusu wazi, nusu limefungwa. Mama Pacha alijikuta anaingojea saa tano kama mtu anavyomngoja shoga yake. Alikuwa na upweke mwingi kuliko alivyojua, na sasa ulikuwa unamtoka.

Injinia alirudi jioni akalakiwa na joto, akatabasamu. "Mnaona? Inanijua ninavyokuja." Asubuhi alitetemeka, akasema bado inajifunza.

Kidevu chake kilikuwa na makovu sita kabla ukweli haujamfikia, na ulimfikia pabaya, mbele za watu. Alikuwa ofisini, wenzake wamemzunguka, akiwaonyesha jinsi mashine inavyomtumia ujumbe kwenye simu. Simu ikalia hapo hapo.

"Soma, soma!" wakamhimiza.

Akasoma kwa madaha: "Saa 11:00. Nyumba yako imepata joto. Watu wanaobaki mchana: sifuri."

Karani wa mishahara, mwanamke asiye na haya na mtu, akatazama saa ya ukutani. "Saa kumi na moja? Injinia, si saa tano hii?" Kisha akashika mdomo. "Ee Mola wangu! Umeipa saa zetu! Unapasha moto nyumba tupu mchana kutwa!"

Wacha ofisi icheke. Dereva alikaa chini sakafuni. Mpaka mlinzi wa getini alipata habari kabla ya chakula cha mchana, na Injinia alipotoka jioni alimpigia saluti na kumuuliza, "Mkuu, saa ngapi saa hizi? Kwa saa zetu au zao?"

*

Alifika nyumbani bila kusalimia. Hakuvua hata koti, alikwenda moja kwa moja ukutani.

"Wewe unashinda humu," akamwambia mkewe. "Hukuona?"

"Niliona joto."

"Na hukusema!"

"Baba Pacha, si ulisema inatusoma tabia? Nikasema pengine imetusoma."

Akabadilisha saa zote nne, safari hii akihesabu kwa vidole. Kisha akapiga simu kwenye kampuni, akawataka waifunge mashine kutoka kwao, mtu yeyote asiiguse. "Yeyote! Hata mimi mwenyewe nikiomba, mniulize kwanza."

Kuanzia hapo Mstaarabu alifanya kazi barabara. Asubuhi pacha walivaa kwa raha, na Injinia akanyoa bila damu. Saa mbili mlango ukafungwa, mabomba yakafa. Joto likatoka kwenye nyumba kama mgeni aliyekumbuka kwao, na mpaka saa nne pumzi zilikuwa zinaonekana. Kosa la saa lilikuwa limesahihishwa. Lile lingine hakuna aliyeligusa, maana hakuna aliyelihesabu kuwa kosa.

Mama Pacha alishona akiwa na koti na soksi mbili mbili. Bibi alijifunika mablanketi ya watoto, akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha kifuani. Lakini mkebe wa vifungo hakuuachia. Alishona hivyo hivyo, vidole vimekakamaa, sindano ikimtoboa bila yeye kuhisi.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule mojawapo alikuja na mfuko wa mashati. Hakuingia ndani. Aliyamwaga pale pale kwenye korido ya ghorofa, majirani wakichungulia.

"Mama Pacha, mimi nilikuamini. Mtoto ananyoosha mkono kujibu swali, kifungo kinaruka. Darasa zima linaokota vifungo. Hii ni kazi au ni mchezo?"

"Samahani, mwalimu. Nitavirudia vyote."

"Umempa nani hii kazi?"

Mama Pacha aliinama kuokota mashati. "Ni mimi mwenyewe, mwalimu. Macho yangu siku hizi."

Bibi alisikia kila neno. Mlango ulipofungwa, alikuwa amekwisha kufunika mkebe.

"Usinisingizie uzima, mwanangu. Kifungo hakinisikii tena."

"Ni baridi, mama. Si wewe."

"Baridi huipati wewe? Mbona mishono yako imenyooka?" Akakohoa, akangoja kipite. "Mtu asiyeweza hata kifungo, anabaki kwa watu kufanya nini?"

*

Usiku wa siku hiyo, mezani, Mama Pacha aliamua kusema. Alikuwa amejipanga tangu mchana, maneno mazuri ya heshima, lakini yalimtoka kwa mkupuo.

"Baba Pacha, tuwashie joto mchana. Mama anaumwa."

"Bili je?"

"Nitachangia kwenye mashati."

Injinia akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye subira na wajinga. "Tatizo si hela, ni mantiki. Watu wote duniani wenye mashine hii wanazima mchana. Nitapashaje moto nyumba ambayo haina mtu?"

Pacha mmoja akamtazama Bibi, kisha baba yake, kisha sahani yake.

Bibi aliweka kijiko chini, polepole, kisipige kelele. "Kweli, mwanangu," akasema. "Utapashaje." Akanyanyuka, akaingia chumbani, na wote wakamsikia akiongea kwenye simu na binti yake. Aje amchukue Ijumaa mchana. Hapana, hajagombana na mtu. Hapana, mkazamwana hana neno, mkazamwana ni mtoto mzuri.

"Huko kwa dada kuna joto," Injinia akasema, akijipakulia tena. "Itamfaa kifua."

Mama Pacha alikuwa ameomba siku hiyo kwa Mungu miaka mingi, siku mama mkwe atakapofunga mizigo. Sasa ilikuwa imekuja, na moyo ulikuwa unamuuma kama jino. Alikusanya vyombo.

"Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake," akasema akiwa jikoni, nusu kwa mumewe, nusu kwa sufuria. "Walisahau nyumba usiyoshinda ndani."

"Unasemaje?"

"Nasema maji yamepoa."

*

Ijumaa Injinia aliamka na homa. Mafua yalikuwa yamemkamata vizuri, pua, koo, mgongo, kila kitu. Akapiga simu kazini, akajilaza kwenye kochi. Saa mbili ilipofika, pacha wakaondoka, na mabomba yakaanza kupoa.

"Mama Pacha, mbona kunakuwa na baridi?"

"Mmeondoka," mkewe akamjibu. Alikuwa anapiga pasi nguo za Bibi ili zifungwe.

Akavuta blanketi. Saa tatu akaomba la pili. Saa nne alikuwa amevaa kofia na soksi za mikono, na bado meno yanagonga. Akajikokota hadi ukutani, akabonyeza, akabonyeza tena. Kioo kikamwandikia: HAKUNA MTU NYUMBANI. TUNAOKOA NISHATI. PONGEZI.

"Pongezi za nini!" akafoka, sauti ikakwaruza. Akampigia simu dada wa huduma kwa wateja, akaweka sauti ya juu kwa kuwa masikio yalikuwa yameziba.

"Naomba muwashe joto. Nimeganda."

"Pole sana. Naongea na nani?"

"Mwenye nyumba!"

"Hapa inaonyesha mwenye nyumba ameondoka saa mbili."

"Sijaondoka! Leo naumwa, nipo hapa, nakwambia nipo!"

"Sawa, kaka, usinifokee. Halafu kuna maelezo hapa kwamba hata wewe ukiomba tukuulize kwanza. Basi nakuuliza. Una uhakika kuna mtu humo ndani?"

Injinia akafumba macho. "Nina uhakika."

"Vizuri. Nakuandikia mtu mmoja, kwa leo tu."

"Mmoja," Bibi akarudia kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amekaa na koti la safari, mfuko wake miguuni. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehakikisha hesabu dukani.

Mama Pacha aliweka pasi chini. Kikohozi cha Bibi kilipanda, kikakaa sana. Kati ya zile pumzi zilizotoka kama mvuke Injinia aliona yake, akaona ya mkewe pale kwenye meza ya pasi, akaona ya mama yake, fupi fupi, inakatika. Wiki zote hizo alikuwa akirudi jioni kwenye nyumba iliyokwisha kupata moto. Baridi hiyo ya mchana hakuwahi kuiona.

"Kaka? Nibonyeze mmoja?"

"Hapana," akasema. "Watatu."

"Watatu kwa leo?"

"Leo watatu. Siku nyingine zote wawili. Mchana kutwa."

"Aa, kumbe kuna watu wapya. Wamehamia lini, nijaze hapa?"

Hapo ndipo sauti ilipomwishia. Alifungua kinywa, koo likatoa upepo tu. Alimtazama mkewe, macho mekundu, kwa homa au kwa kitu kingine, mimi siwezi kujua yote. Mama Pacha akamwendea, akamtoa simu mkononi.

"Mdogo wangu, andika mlitukuta," akasema. "Andika tulikuwepo mashine ilipokuja. Mimi ndiye niliyemtilia fundi wenu chai."

*

Mabomba yakalia, tik, tik, tik. Injinia alirudi kwenye kochi, akajifunika gubigubi. Mama Pacha aliketi kwenye cherehani, yale mashati ya mwalimu mkuu yamerundikana pembeni, na hakumwangalia Bibi, kwa kuogopa kuuona ule mfuko. Joto lilipanda mpaka vioo vya dirisha vikalia machozi.

Alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa wifi yake Mama Pacha, dada wa Injinia, amekuja na teksi kumchukua mama.

"Hodi! Hodi jamani! Kuna mtu humu?"

"Hamna mtu!" Bibi akajibu kwa sauti. "Ni kaka yako tu!"

Mama Pacha aliangua kicheko, akainamia cherehani, akacheka mpaka machozi yakalowesha kola ya shati. Bibi naye akacheka, kikohozi kikaingilia, akacheka juu ya kikohozi. Kwenye kochi blanketi lilitikisika. Injinia alijaribu kusema neno, sauti hakuna, akabaki ameinua mkono mmoja hewani, kama mwanafunzi ambaye mwalimu hamwoni.

Wifi aliingia, akafungua koti haraka haraka. "Mbona moto hivi? Na huyu amekuwaje? Mama, twende, teksi inasubiri. Mzigo ndio huu tu?"

"Ndio huo," Bibi akasema. Alikuwa amekwisha kuvuta shati la kwanza mapajani, na uzi umo mdomoni anaulainisha. "Ufungue unitolee mkebe wa vifungo, uko juu kabisa. Halafu mwambie dereva aende zake. Na mfunike kaka yako miguu, wifi yako ana kazi."